Soma Mwendo wa Lori Mchangani

Umevuna nyanya zako Tunduma. Mnunuzi yuko Mbeya, yapata kilomita 100. Ataondoka saa 4 asubuhi. Dereva wa lori anakuambia: "Tunaondoka saa 1. Mimi hukimbia kilomita 50 kwa saa." Je, utamkuta mnunuzi?

Chukua kijiti, uchore mchangani. Chora mstari wa kulala. Uandike saa: 1, 2, 3, 4, 5. Penye saa 1 chora mstari wa kusimama. Uandike kilomita kutoka Tunduma, kuanzia chini kwenda juu: 0, 20, 40, 60, 80, 100. Mchoro huu huitwa grafu.

Sasa fuata safari. Saa 1 lori liko Tunduma. Weka alama penye 0. Saa 2 liko kilomita 40. Weka alama. Hapo linapata pancha, na jeki haipo! Saa 4 bado liko kilomita 40. Weka alama. Kisha linakimbia sana, na saa 5 liko Mbeya, kilomita 100. Unganisha alama zako.

Kipande cha kwanza kinapanda. Cha pili kimelala: saa zinapita, lori halisogei. Cha mwisho kinapanda wima zaidi, maana lori lilikwenda kasi zaidi, kilomita 60 kwa saa moja.

Wengi hukosea hapa. Hujumlisha 40 na 60, wakagawa kwa 2, wakapata 50. Wamesahau saa mbili za pancha. Wewe tazama alama ya kwanza na ya mwisho tu. Lori limesogea kilomita 100 kwa saa 4. Gawa 100 kwa 4. Mwendokasi wa wastani ni kilomita 25 kwa saa. Mnunuzi ameondoka saa nzima iliyopita.

Lori likigeuka kurudi Tunduma, mstari utashuka mpaka kilomita 0. Hapo jibu ni la ajabu kidogo. Lori limerudi pale pale lilipoanzia, basi ukihesabu pamoja na mwelekeo, mwendokasi wake wa wastani kwa safari nzima ni 0, ingawa magurudumu yamekwenda kilomita 200.

Watu wa reli nao huchora hivi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa mwaka 1970 hadi 1975, hupita Tunduma ikitoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860. Ni reli ya njia moja. Katika grafu, mstari wa treni iendayo Zambia hupanda, na wa ile irudiyo hushuka. Mistari miwili ikikatana, treni hizo zitakutana hapo. Basi hapo lazima pawe na stesheni ya kupishana, na treni moja isubiri. Mstari wa treni inayosubiri huwa umelala, kama wa lori letu lenye pancha.