Kunasa, Kuhifadhi na Kuondosha: Istilahi za Gesi ya Malori

Mfasiri aliyepewa hati inayohusu mitambo ya kukusanya kaboni dayoksaidi kutoka katika ekzosi za malori, ili gesi hiyo iuzwe, hukuta vitenzi vitatu mbele yake: kunasa, kuhifadhi na kuondosha. Ni rahisi kuvitumia kana kwamba maana yake ni moja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Moshi wa injini hupozwa, kisha hupitishwa katika chombo chenye chembechembe za madini zilizojaa vitundu vidogo mno. Kaboni dayoksaidi hushikwa juu ya nyuso za chembe hizo, na gesi nyingine, hasa naitrojeni, hupita. Chembe zikipashwa moto huiachia gesi, nayo hushindiliwa hata ikawa kiowevu, ikatiwa katika tangi lililo garini. Shirika la Aramco la Saudia lilionyesha mwaka 2019 lori lililonasa kiasi cha asilimia 40 ya gesi hiyo. Nchini Marekani, kampuni ya Remora, iliyoanzishwa mwaka 2020, ilianza kwa kuunda mitambo ya malori ya mizigo.

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.6 za kaboni dayoksaidi, ilhali lita yenyewe haifiki kilo moja, kwa kuwa kaboni huungana na oksijeni ya hewani. Hivyo tangi hujaa upesi, na hapana budi lipakuliwe kituoni. Hapo ndipo uuzaji unapoanza, na ndipo istilahi zinapochanganyika.

Kunasa ni kuizuia gesi isitoke. Mtego humnasa ndege, lakini hausemi kama atachinjwa au ataachiwa. Kuhifadhi ni kuiweka gesi mahali itakapokaa miaka mingi bila kurudi hewani, kama vile katika miamba chini ya ardhi. Kuondosha ni kuitoa gesi iliyokwisha kuwamo hewani. Gesi iliyonaswa ikiuzwa kwa kiwanda cha soda, hurudi hewani chupa inapofunguliwa. Ikitiwa katika zege, sehemu yake hugeuka madini ikabaki humo. Unasaji ni ule ule, hatima ni mbili. Mtumishi anayeandika katika mkataba kwamba lori “limeondosha” tani 10 amethibitisha jambo ambalo halikutendeka, na huenda mtu akalilipia.

Kuna tahadhari nyingine. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Kinachouzwa katika biashara hiyo ni haki itokanayo na upunguzaji uliothibitishwa, wala hapana gesi inayobadili mikono. Kwa malori yafaa tuseme “uuzaji wa gesi iliyonaswa”. Wala tusiseme “kuuza tena”, madhali msafirishaji hakuinunua.

Twapendekeza, basi, kwamba kila asomaye “imenaswa” aulize: imepelekwa wapi? Mwalimu na awafundishe wanafunzi wake swali hilo pamoja na neno lenyewe.