MUFUPA WA NYONGA: CHUMA GANI KINAFAA?

Muzee wako akianguka na kushindwa kusimama, angalia muguu wake. Kama umekuwa mufupi kuliko mwenzake, na unyayo umegeuka inje, labda mufupa wa nyonga umevunjika. Usimukande. Usivute muguu. Mulaze juu ya kipoyi, mulete kwa hospitali leo, si kesho.

Sababu gani kuharakisha? Kulala sana kunaua wazee. Ngozi ya mugongo inaoza, mapafu yanapata ugonjwa, damu inaganda ndani ya mishipa. Zamani waganga walivuta muguu kwa kamba na uzito majuma 8 hata 12, na wazee wengi walikufa mbele mufupa haujaungana. Mwaka 1931 Munganga Smith-Petersen wa Boston, Marekani, alieleza musumari wa kushika mufupa huu. Kisha waganga walitafuta vyuma vingine, kusudi mugonjwa aondoke kitandani upesi.

Watu wanauliza: “Jirani alitiwa musumari murefu, mbona mama yangu alitiwa bamba?” Jibu ni hili: munganga anachagua chuma kwa kufuata pahali pa kuvunjika.

1. Shingo ya mufupa. Juu ya mufupa wa paja kuna kichwa cha muviringo, na chini yake shingo. Damu ya kichwa inapita shingoni. Shingo ikivunjika bila kuhama, munganga anaikaza kwa misumari ya kuzungusha, mara nyingi 3. Lakini ikihama, njia ya damu inaweza kukatika, na kichwa kinakufa kama tawi lililokatwa. Kwa muzee, mara nyingi munganga anaondoa kichwa kile na kutia kichwa cha chuma.

2. Chini ya shingo. Hapa damu ni nyingi, na mufupa unaungana ukishikwa vizuri. Kama vipande ni 2 tu na vinatulia, munganga anatia musumari munene unaofika kichwani, pamoja na bamba linalokazwa ubavuni mwa mufupa.

3. Vipande vingi, ao kuvunjika kunakoshuka pajani. Bamba la inje linaweza kushindwa. Basi munganga anaingiza musumari murefu ndani ya mufupa, kama kijiti ndani ya mwanzi. Unakaa katikati na kubeba uzito vizuri zaidi.

Usione wivu juu ya chuma cha jirani. Chuma chochote hakiponyi mufupa. Kinaushika tu, hata mwili uuunge.

Na wewe una kazi. Kesho yake baada ya kupasuliwa, munganga akikubali, saidia muzee kuketi na kusimama kwa magongo. Mupe maharagi, samaki na mayai. Kidonda kikitoa usaha, ao homa ikipanda, murudishe mara moja.

Kumuombea muzee ni kazi njema ya kanisa. Kumubeba upesi hata hospitali ni kazi njema vilevile.