Kiangazi kimeingia: tuchome wenyewe mapema, ama tutachomewa



Mvula imekatika. Toka Kasenga mpaka Kipushi, toka Likasi mpaka Sakania, anga ni safi, umande wa asubuhi ni mwingi, na upepo wa kutoka kusini-mashariki umeanza kupiga. Kila mahali tunapopita watu wanatuuliza: kiangazi cha mwaka huu kitakuwa namna gani? Jibu la kwanza ni fupi. Kitakuwa kikavu, sawa kila mwaka. Kwetu Haut-Katanga mwezi wa 6, wa 7 na wa 8 hapana mvula ya kuhesabu, kwa sababu mkanda wa mvula umepanda kaskazini na hautarudi mbele ya mwisho wa mwezi wa 10. Kwa hiyo hatuhitaji mtabiri.

Swali lenye kazi ni lingine: moto utafika lini kwenye mashamba yetu, na utakuta nini?

Kwanza tuondoe wazo moja ambalo linasikika sana, kwamba mwaka wa mvula nzuri unapunguza moto. Ni kinyume. Moto wa pori letu unakula nyasi, na nyasi zinaletwa na mvula. Mwaka wa ukame nyasi zinabaki fupi na chache, moto unapita chini chini na kufa wenyewe. Mwaka mvula ikiwa nyingi, nyasi zinapita kichwa cha mtu mzima, na zikikauka ndipo tunaona ndimi za moto zinashika matawi ya miti. Kwa hiyo mukitaka kujua hatari ya mwaka huu kwenu, musiangalie mbingu. Muende pembeni ya shamba, musimame katika nyasi, muone zinawafikia wapi. Zikifika magotini, kazi ni ndogo. Zikipita mabega, kazi ianze wiki hii.

Hali ya hewa kutoka sasa

Mwezi wa 5 na mwanzo wa mwezi wa 6 nyasi ni nusu kijani, nusu kavu. Usiku umande unazilowesha, na asubuhi mpaka jua lipande haziwaki vizuri. Moto wa wakati huu unatembea polepole, unaruka vipande, na jioni unazimika.

Kisha baridi inaingia. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku ni mkali, sana sana kwenye miinuko ya Kundelungu na Biano na ndani ya madembo, ambako baridi inaweza kukaribia sufuri. Hiyo baridi inaua nyasi za dembo kuliko jua lenyewe. Sehemu ambayo mwezi mmoja mbele ilikuwa kijani na maji chini, inageuka majani makavu tupu. Wengi wanadanganyika hapo: wanaona dembo, wanafikiri maji, wanaacha upande ule bila ulinzi.

Mwezi wa 8 joto linarudi, upepo unaongezeka mchana, na miti ya miombo inamwaga majani. Sasa chini kuna nyasi kavu na juu yake kuna tandiko la majani. Mwezi wa 9 na wa 10 ndio kilele: jua kali, hewa kavu kabisa kipindi cha mchana, upepo unaobadilika upande bila kuaga. Moto wa wakati huu hauzimwi na watu kumi wenye matawi mkononi. Tuseme wazi: ukisikia moto mkubwa unakuja mwezi wa 9 na hakuna kizuizi, chukua watoto, mbuzi na mbegu, uondoke. Shamba halifai maisha ya mtu.

Mteremko nao una hesabu yake. Moto unaopanda kilima unakimbia mbio sana kuliko wa uwanda, kwa sababu joto lake linakausha nyasi za juu mbele haujazifikia. Mwenye shamba la mihogo juu ya kilima alinde kwanza upande wa chini.

«Hapana kuchoma» haijawahi kutosha

Tumeona mabango mengi yenye kukataza moto wa pori, mengine yamechorwa vizuri sana, na nyuma ya bango nyasi zimeungua mpaka kwenye nguzo. Si kwa sababu watu ni wabishi. Mtu anachoma kwa sababu yake: mmoja anasafisha shamba, mwingine anafuata panya wa pori, mwingine anatafuta asali, mfugaji anataka majani mapya kwa ng'ombe, mchoma makala anaacha tanuru linafuka na kwenda kulala. Mwezi wa 8 mwaka 2019, wakati dunia yote ilikuwa inalilia Amazonia, satelaiti zilihesabu kwa siku chache mioto mingi zaidi Angola na hapa Kongo kuliko kule Brazili. Mioto mingi ya kwetu ilikuwa ya nyasi na mashamba, si ya kufyeka msitu mkubwa, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini inaonyesha kwamba huku kwetu moto ni chombo cha kazi, sawa jembe. Chombo cha kazi kinahitaji wakati wake.

Kuhusu wakati, kuna ushahidi wa karibu na siye. Ng'ambo ya mpaka wa Sakania, pale Ndola nchini Zambia, mafundi wa misitu walianza mwaka 1933 kugawanya miombo katika vipande. Vingine vilichomwa kila mwaka mapema, nyasi bado na maji. Vingine vilichomwa kila mwaka kwa kuchelewa, mwisho wa kiangazi. Vingine vililindwa visiguswe na moto hata kidogo. Kazi hiyo iliendelea miaka mingi. Vipande vya moto wa kuchelewa vilipoteza miti karibu yote, vikabaki nyasi. Vya moto wa mapema vilishika miti yake. Vilivyolindwa viliongeza msitu mzito. Ardhi ilikuwa ileile, mvula ileile. Kilichotofautiana ni tarehe ya kiberiti.

Sababu inaeleweka. Mwisho wa mwezi wa 8 na mwezi wa 9 miti ya miombo inatoa majani mapya, mekundu, kabla mvula haijanyesha. Mti unatumia akiba yake yote hapo. Moto ukipita wakati huo unababua majani yale, na mche mdogo unakufa mpaka chini. Majani hayo ndiyo chakula cha vinkubala, na maua ya kipindi hicho ndiyo ya nyuki. Njo maana kijiji ambacho pori lake linaungua kila mwezi wa 9 kinalalamika kidogo kidogo kwamba vinkubala vimepungua, asali imepungua, na mama anaenda mbali zaidi kutafuta uyoga. Wengine wanasingizia uchawi. Siye tungeanza kwa kuuliza tarehe ya moto.

Na udongo? Moto unaacha majivu, na majivu yana potasi, chokaa na fosfori. Kwa udongo wetu mwekundu wenye uchachu si kitu kibaya. Lakini azoti inapanda na moshi, na ndiyo mahindi yanayoililia. Mkulima anayechoma mabua yote kila mwaka, kisha anatafuta pesa ya kununua mbolea ya ure, analipa mara mbili. Mabua yalazwe chini kati ya mistari, ama yaingie kwenye shimo la mboji.

Namna ya kufanya kizuizi

Kizuizi cha moto ni ukanda mtupu unaozunguka shamba, udongo uonekane, bila jani. Tunashauri mita 4 mpaka 5 kuzunguka shamba, na mita 10 kuzunguka depo ya mavuno, mizinga na kitalu. Kulima mita 10 kwa jembe ni mateso, tunajua. Njia nyepesi ni hii: limeni mistari miwili myembamba, kila mmoja mita 1 ama 2, muache kati yake mita 6 hivi za nyasi, kisha muchome hizo nyasi za kati sasa hivi, zikiwa nusu kijani.

Siku ya kuchoma chagueni jioni, jua likianza kushuka, hapana upepo mkali. Washeni upande ule upepo unakoelekea, ili moto urudi polepole kinyume na upepo. Ukiwashwa upande unakotoka upepo utakimbia na kuruka mstari. Watu wasipungue wanane kwa kipande kimoja: wawili wa kuwasha, wengine kwenye mistari na matawi mabichi, na angalau pompe mbili za mgongoni zilizooshwa vizuri na kujazwa maji. Pompe iliyobeba dawa ya majani au ya wadudu isafishwe mara tatu. Chefu wa kijiji na majirani waambiwe siku moja mbele. Mukimaliza musikimbilie nyumbani. Gogo lililolala na kisiki ndani ya kichuguu vinaweza kuficha moto siku mbili, na upepo wa kesho saa sita ukauamsha. Mutoe walinzi wawili walale pale, na kesho yake wapitie tena kwa mkono: sehemu yenye joto imwagiwe maji na kufukuliwa.

Hapa ndipo koperative inaonyesha faida yake, na hesabu ni rahisi. Shamba la hektari moja lenye pembe sawa lina mzunguko wa mita 400. Wanachama kumi, kila mmoja na hektari yake mbali na mwenzake, wana mita 4000 za kizuizi. Hizo hektari kumi zikikaa pamoja, mita 200 kwa 500, mzunguko ni mita 1400 tu. Kazi inapungua zaidi ya nusu, na mlinzi mmoja anaona pote. Makoperative yanayogawa mashamba ya msimu ujao yafikirie jambo hili kabla ya kupima kamba.

Mihogo itapewa macho ya kwanza. Mahindi na karanga zitakuwa zimeingia nyumbani, lakini mihogo ya mwaka wa pili itakaa shambani kiangazi chote, na magugu yaliyo chini yake ndiyo kuni zenyewe. Palizi ya mwezi wa 5, ambayo wengi wanairuka kwa uchovu wa mavuno, ndiyo inayookoa.

Kwa wachoma makala ambao si wanachama: musiwafukuze, waiteni kwenye mkutano. Wakubaliane kusafisha mita 5 kuzunguka kila tanuru na kutoacha tanuru bila mtu toka mwezi wa 7. Wavunaji wa asali nao, mwenge wao uzimwe ndani ya maji, si kutupwa chini. Mkutano huo ufanywe na chefu akiwa ameketi pale, na tarehe ya mwisho ya kuchoma iandikwe. Siye tunapendekeza tarehe 15 mwezi wa 6 kwa sehemu za chini, na siku chache mbele yake kwa miinuko ambako baridi inakausha haraka. Kama hamuna uhakika, kamateni konzi ya nyasi muikunje: ikijikunja bila kuvunjika, bado muda upo, ikikatika na kulia kama kuni ndogo, wekeni kiberiti mfukoni.

Mwenye telefone yenye intaneti anaweza kuona ramani ya mioto ya NASA inayoitwa FIRMS, bila kulipa. Kila nukta nyekundu ni joto lililoonwa na satelaiti. Lakini satelaiti inapita mara chache kwa siku, na moto mdogo au wa chini ya mawingu inaukosa, kwa hiyo haichukui nafasi ya mlinzi na ile rimu ya gari munayopiga kama kengele. Faida yake ni nyingine: mwisho wa mwezi wa 10 sekretere wa koperative aangalie nukta za msimu mzima, aone moto umezoea kutokea upande gani. Mwaka ujao kizuizi kinaanzia hapo.

Utabiri wa mvula za msimu ujao hutolewa mwisho wa mwezi wa 8, wakati wataalamu wa nchi za SADC wanakutana. Munakumbuka 2024: El Niño ilikausha mahindi ya Zambia mpaka serikali yao ikatangaza janga la taifa mwezi wa 2, mahindi yaliyozoea kupita Kasumbalesa yakawa haba, na unga Lubumbashi ukawa ghali. Mwaka wa namna ile, gunia lililoungua ndani ya depo halina gunia la kulirudisha. Kwa hiyo musiuze akiba yote kabla ya kusikia utabiri huo, na musiiweke yote chini ya paa moja la nyasi.

Na kama moto umepita kwenye mihogo, musing'oe kwa hasira. Subirini siku kumi, kateni shina kwa panga kali sentimita 15 ama 20 juu ya udongo, mukwangue kidogo ganda: pakiwa kijani chini yake, muacheni, itachipuka. Pakiwa kahawia mpaka chini, chimbeni mihogo hiyo mapema, muimenye na kuianika haraka, maana haitakaa ardhini bila kuoza. Vijiti vya kupanda musichukue kwenye shamba lililoungua; muombe kwa koperative jirani mbele ya mwezi wa 10, kwa sababu wakati huo kila mtu atakuwa anavitafuta.