Mguu ukigusa chini umeliwa: ukoo wa Lampkin na pikipiki

Wadau, hapa Tunduma dogo anayekimbiza bodaboda kuliko wenzake ndiye anaitwa mkali. Mdogo wangu alikuwa hivyohivyo, mpaka akavunjika mguu.

Sasa kuna mchezo wa pikipiki unaitwa traiali, hauna mbio kabisa. Unapita taratibu juu ya mawe na matope. Mguu ukigusa chini mara moja, adhabu pointi 1. Ukishindwa kupita, 5. Mwenye pointi chache ndo mshindi.

Kule Uingereza ukoo wa Lampkin umerithishana mchezo huu. Arthur, Alan na Martin ni ndugu. Martin akawa bingwa wa kwanza wa dunia, 1975. Mwanawe Dougie akabeba taji miaka 7 mfululizo, 1997 hadi 2003.

Kumbe ukali ni balansi! Mdogo wangu nimeshamwambia. Nyie mnasemaje?