Glovu Hazichukui Nafasi ya Sabuni

Siku moja nilikuwa zahanati hapa kambini nikisaidia kupima uzito wa watoto. Mhudumu alimsafisha mtoto kidonda, kisha akamshika mwingine kwa glovu zilezile. Mama mmoja akauliza kwa upole glovu hizo zinamkinga nani. Sote tukanyamaza.

Mama yule alikuwa na haki. Glovu ikishagusa kidonda hubeba vijidudu kama mkono mtupu. Tena huweza kuwa na tundu dogo lisiloonekana. Hivyo glovu ni za mgonjwa mmoja tu, na ukizivua, nawa.

Shirika la Afya Duniani linataja nyakati tano za kusafisha mikono:
- kabla ya kumgusa mgonjwa;
- kabla ya kazi inayotaka usafi, kama kuchoma sindano;
- baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili;
- baada ya kumgusa mgonjwa;
- baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye.

Kunawa kwa sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60.

Mgonjwa, usiogope kuuliza. Mhudumu, ukiulizwa usikasirike.