Jina la Schlieben, miguu ya nani?

Ukifungua makabati ya mimea iliyokaushwa katika makumbusho kadhaa ya Ulaya, Rutamba, kijiji cha mkoa wa Lindi, utaikuta humo. Kikaratasi kilichobandikwa chini ya tawi kinasema Ziwa Lutamba, yaani Rutamba hiyohiyo, kilometa 40 magharibi ya Lindi, kisha tarehe na jina: Schlieben.

Hans-Joachim Schlieben, Mjerumani, alikusanya mimea Tanganyika kati ya 1930 na 1935, na miaka miwili ya mwisho ilimfikisha kwenye misitu ya ziwa hilo. Kazi yenyewe haina raha. Tawi lenye ua hubanwa kati ya karatasi, na karatasi hizo hubadilishwa kila mara kabla ukungu haujawahi. Wakusanyaji wa wadudu nao wana yao: mbawakawa hudungwa pini kwenye gamba la bawa la kulia, na kikaratasi chake huning'inia chini yake. Yngve Sjöstedt, mtaalamu wa wadudu wa makumbusho ya Stockholm, alizunguka Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906 akarudi kwao na vielelezo makumi ya maelfu. Bila kikaratasi, wote wale ni mizoga tu.

Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Berlin, ilimokuwa mimea ya Schlieben, iliteketea kwa mabomu Machi 1943. Bahati nzuri nakala nyingi za Schlieben zilikuwa zimeshatawanywa kwingine. Mti mmoja wa Lindi, jamaa wa mwamba-ngoma, unaitwa Erythrina schliebenii. Msitu ulipofyekwa kupisha mikorosho, mwaka 1998 mti huo ukatangazwa kuwa umetoweka. Ukaonekana tena 2001, na mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta wilayani Kilwa.

Mti umepewa jina la mgeni, sawa. Lakini nani alimwonyesha njia, nani alipanda juu kukata tawi? Pale Tendaguru, mkoa huohuo, Boheti bin Amrani alisimamia wachimbaji wa mifupa ya dinosaria wa makumbusho ya Berlin kati ya 1909 na 1913, na ilibidi isubiriwe hadi 2007 ndipo dinosaria mmoja akaitwa Australodocus bohetii. Karibu karne nzima! Wa Rutamba hata hilo hawajalipata.

Watafiti wamekuwa wakifika msitu wa Litipo, jirani na kijiji cha Rutamba, wakimsaka komba wa Rondo usiku kwa tochi. Mgeni haingii gizani mle bila mwenyeji kutangulia. Kwenye kikaratasi, nafasi ya jina la pili ipo.