Fedha Hazipotei Zenyewe

Kila muhula huwapa wanafunzi wangu wa sarufi zoezi lile lile. Hukata magazetini habari zinazohusu mali ya umma, kisha wakazipanga kwa kufuata vitenzi vyake. Fedha "zimetoweka". Ardhi "imenyakuliwa". Dawa "hazikufika". Mtenda hayumo. Kauli ya kutendwa humwachia mlango kwa neno "na", ila ni nadra kufunguliwa. Kitenzi kama "kutoweka" hakina hata huo mlango.

Simlaumu mwandishi kwa pupa. Mhariri huhofia kesi ya kumharibia mtu jina, na matangazo ya biashara aghalabu hutoka mikononi mwa wale wale wanaostahili kutajwa. Mtenda akiwa mwana wa mkubwa, au shemejiye, sentensi huzidi kufupishwa. Huambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, kana kwamba zabuni za serikali hutolewa kwenye meza ya chakula cha jioni. (Wakati mwingine ndiko zinakotolewa.)

Ndiyo maana huwasimulia wanafunzi habari za Carlos Cardoso wa Msumbiji. Alikuwa mhariri wa Metical, jarida dogo lililosambazwa kwa faksi mjini Maputo. Alifuatilia wizi wa takriban dola milioni 14 katika Banco Comercial de Moçambique, uliofichuka mwaka wa 1996 benki hiyo ilipokuwa ikibinafsishwa. Hakuridhika kuandika kwamba fedha zilitoweka. Aliwataja kwa majina aliowashuku, akawauliza waendesha mashtaka wa serikali mbona kesi haisongi. Tarehe 22 Novemba 2000 alipigwa risasi garini akitoka kazini, akafa. Dereva wake alijeruhiwa vibaya.

Kesi ya mauaji hayo ilianza Novemba 2002 katika gereza lenye ulinzi mkali, ikatangazwa redioni na kwenye televisheni. Nchi nzima ikasikia jina la Nyimpine Chissano, mwana wa rais aliyekuwa madarakani, likitajwa na baadhi ya washtakiwa. Aliitwa kizimbani kutoa ushahidi, akakana. Januari 2003 watu 6 walitiwa hatiani. Yeye hakuwa miongoni mwao, na alifariki mwaka wa 2007 pasi na kuhukumiwa.

Hapa huwataka wanafunzi wapunguze mwendo. "Alitajwa" si "aliua". Neno "inadaiwa", ambalo wengi wetu hulitumia kama kichaka cha kujifichia, kwa hakika ni kipimo: humweleza msomaji ni nani aliyesema, na ni kiasi gani kimethibitishwa. Mwandishi anayelitumia hivyo anaweza kumtaja hata mwana wa rais bila ya kumsingizia. Asiyejua kulitumia atanyamaza, au atazusha.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniletea zoezi lenye safu ya ziada ambayo sikuiagiza. Juu yake aliandika "Nani?" Safu hiyo ilikuwa karibu tupu yote. Nimeamua kuiweka katika zoezi la mwaka ujao.